Kamera ya kuhesabu kofia haijengi utamaduni wa usalama

Kampuni za uhandisi zimeanza kufunga kamera zenye akili mnemba katika karakana, viwanda na maeneo ya ujenzi. Kamera hizo humtambua mtu asiyevaa kofia ngumu, aliyesahau miwani ya kinga au aliyevuka mstari wa njano, kisha humtumia msimamizi taarifa papo hapo. Mwisho wa mwezi menejimenti hupewa grafu inayoonyesha uvaaji wa vifaa vya kinga ukipanda wiki hadi wiki, na grafu hiyo huingia katika ripoti ya mwaka chini ya kichwa cha utamaduni wa usalama. Hapo ndipo tunapopotoka. Kilichopimwa ni utii mbele ya kamera, na utii huo, hata ukifika asilimia 100, haugusi sehemu kubwa ya mambo yanayoua mafundi na wahandisi. Utamaduni wa usalama hujengwa kwingine: katika namna kazi inavyopangwa kabla fundi hajashika spana, na katika yale yanayompata mtu aliyeleta habari mbaya ofisini.

Chukua fundi anayefunga boriti mita 4 kutoka sakafuni. Ana kofia, glavu na mkanda wa mwili mzima, na kamba yake ya mita 2 yenye kifyonza mshtuko ameibana kwenye bomba lililo usawa wa miguu yake. Kwenye skrini yuko salama. Sasa piga hesabu. Akianguka, kamba itanyooka mita 2 chini ya pale alipoibana, kifyonza mshtuko kinaweza kufunguka hadi mita 1.75, na kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo kuna kama mita 1.5. Hizo ni zaidi ya mita 5, kabla ya kuongeza mita 1 ya tahadhari, na sakafu iko mita 4 tu chini yake. Atagonga zege akiwa amevaa kila kitu alichoagizwa. Tiba ni kuipandisha sehemu ya kufungia kamba iwe juu ya kichwa, au kutumia kamba inayojivuta yenyewe, au, lililo bora kuliko yote, kumjengea jukwaa lenye reli ili asihitaji kamba kabisa. Uamuzi huo hufanywa na anayechora na anayepanga kazi, siku nyingi kabla ya kamera kumwona mtu yeyote.

Au chukua grinda ya mkono ya diski ya milimita 125. Mashine hiyo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na diski yake imetengenezwa kuhimili kasi ya ukingoni ya mita 80 kwa sekunde. Fundi anaondoa kinga na kufunga diski ya milimita 230, ambayo kikomo chake ni takriban mizunguko 6,600. Kasi ya ukingoni inaruka hadi mita 132 kwa sekunde, na kwa kuwa nguvu inayotaka kuipasua diski hukua kwa mraba wa kasi, diski inabeba karibu mara 2.7 ya kiwango chake. Ikipasuka, vipande vinaondoka kwa kasi hiyohiyo, na kinga ambayo ingevizuia iko sakafuni. Kamera inaona miwani na glavu, kwa hiyo haina neno. Mkaguzi mwenye haraka angeandika uzembe. Muulize fundi mwenyewe, na mara nyingi utasikia jambo la kawaida kabisa: diski ndogo haifiki kina anachotaka kukata, grinda kubwa ni moja kwa karakana nzima na iko kwa kikosi kingine, na mteja ameahidiwa kazi jioni ya leo. Grinda kubwa ya pili ingeifuta hatari hiyo moja kwa moja. Barua ya onyo itamfundisha fundi kufanya vilevile nyuma ya ukuta.

Kundi la tatu la hatari halionekani kwa jicho lolote. Wakati wa matengenezo, mashine iliyosimama huwa bado imebeba nishati: mafuta yenye shinikizo ndani ya akumuleta ya haidroliki, hewa iliyobaki kwenye silinda, springi iliyobanwa, uzito ulioinuliwa juu, umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita za kidhibiti mwendo cha mota hata baada ya swichi kuu kuzimwa. Mtu anayeingiza mkono hapo akitegemea kitufe cha dharura anajidanganya, kwa sababu kitufe hicho husimamisha mwendo tu, hakitenganishi mashine na chanzo cha nguvu. Mwenzake akikirudisha bila kujua, mashine iko tayari kuwashwa.

Mazoea ya kumtazama mfanyakazi kwanza yana historia. Mwaka 1931 Herbert William Heinrich, mtaalamu wa kampuni ya bima nchini Marekani, alichapisha hitimisho kwamba asilimia 88 ya ajali za viwandani husababishwa na matendo yasiyo salama ya watu, asilimia 10 na mazingira mabovu, na asilimia 2 haziepukiki. Namba hiyo ya 88 imekaririwa kwa miongo mingi katika kozi za usalama, na ndiyo inayowapa wauzaji wa kamera hoja yao kuu: ikiwa watu ndio tatizo, basi wachunge watu. Ni hoja dhaifu kuliko zote, na inafaa ing'olewe mizizi. Heinrich alitegemea majalada ya bima na kumbukumbu za wenye viwanda, ambazo kwa kawaida zilijazwa na wasimamizi. Msimamizi anayeandika kwamba fundi alikosea anafunga jalada. Anayeandika kwamba mashine haina kinga anajifungulia maswali. Zaidi ya hapo, kuainisha kila ajali chini ya sababu moja ni kosa la mbinu. Yule fundi wa grinda alitenda kosa, ndiyo, lakini kosa lake lilikuwa na vifaa vichache na ratiba isiyotekelezeka nyuma yake. Vyote vitatu ni sababu, ila kimoja tu ndicho kinachoonekana kwenye picha.

Wataalamu wa usalama wana ngazi ya udhibiti wa hatari ambayo kila kampuni huibandika ukutani. Juu kabisa ni kuiondoa hatari, kisha kubadilisha kifaa au kemikali kwa kilicho salama zaidi, kisha kuweka kizuizi cha kiufundi kama kinga ya mashine au mfumo wa kufyonza moshi wa kulehemu, kisha taratibu na mafunzo, na chini kabisa ni vifaa vya kujikinga. Mpangilio huo una sababu. Ngazi za juu hufanya kazi hata mtu akiwa amechoka, ana haraka au ana mawazo ya nyumbani. Za chini humtegemea awe makini kila dakika ya zamu. Kampuni inayoelekeza fedha zake za teknolojia katika kufuatilia kofia imewekeza katika ngazi ya mwisho kabisa, kisha inajisifu kwa bidii yake. Kampuni za uhandisi hazina kisingizio hapa, maana kubuni na kubadilisha mitambo ndiyo kazi yao.

Kuna hoja nzuri upande wa pili, na nazipa uzito wake. Eneo kubwa la ujenzi lina wasimamizi wachache na vibarua wanaobadilika kila wiki, na mtu mmoja hawezi kuwa kila mahali. Majeraha ya macho kutokana na cheche na vipande vya chuma ni mengi na yanazuilika kwa miwani, kwa hiyo kuhimiza miwani ni halali. Tena kuna matumizi ya kamera ambayo nayaunga mkono bila kusita: kamera iliyofungwa kwenye foklifti, inayomtambua mtu aliye nyuma na kupunguza mwendo au kufunga breki yenyewe. Hicho ni kizuizi cha kiufundi, na hakimhitaji mtu yeyote apelekwe kamati ya nidhamu. Vivyo hivyo kwa kamera inayozuia kreni kuzungusha mzigo juu ya vichwa vya watu. Kamera inayosimamisha mashine na kamera inayoandika jina la mtu hufungwa kwa vifaa vilevile, lakini athari zake kwa watu ni tofauti kabisa, na katika zabuni nyingi zinauzwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja.

Hoja ya kwamba kuangaliwa hujenga tabia nzuri ina ukweli nusu. Watu huvaa kofia wakijua wanaonekana. Lakini tabia hiyo hufuata mahali kamera ilipo, na kazi hatari zaidi hufanyika isipofika: ndani ya tangi, chini ya mtambo, kwenye shimo, juu ya paa, usiku wa manane mtambo ulipoharibika. Pia kuangaliwa hufunza jambo jingine, ambalo ni kunyamaza. Fundi anayejua kwamba picha yake inaweza kutumika dhidi yake hatakuja kusema kwamba jana mnyororo wa kuinulia uliteleza na mzigo ukamkosa kwa shibiri. Matukio hayo ya nusura ndiyo maarifa ya bei rahisi kuliko yote ambayo kampuni inaweza kuyapata, kwa kuwa mtambo umeonyesha udhaifu wake na hakuna aliyeumia.

Usafiri wa anga ulilitambua hilo mapema. Tangu mwaka 1976 Marekani ina mfumo wa kupokea taarifa za siri za usalama wa anga, unaoendeshwa na shirika la anga za juu la NASA, ambalo halina mamlaka ya kumwadhibu rubani. Rubani anayeripoti ndani ya siku 10 kosa ambalo hakulikusudia anaweza kuepushwa na adhabu, isipokuwa kwa uhalifu na ajali. Mpokeaji wa taarifa alitenganishwa kwa makusudi na mtoaji wa adhabu. Kampuni ya uhandisi inaweza kuiga hilo kwa kiwango chake: ripoti za nusura zisipitie kwa bosi wa moja kwa moja, zisitumike katika tathmini ya utendaji wa mtu, na kila moja ijibiwe kwa jina la atakayeishughulikia na tarehe. Jibu ndilo linalosahaulika. Kisanduku cha maoni kikikaa miezi mitatu bila jibu, watu huelewa, na hakuna bango litakalowarudisha. Hapa pia kuna mtego. Baadhi ya kampuni huweka mgao, kwamba kila mfanyakazi alete kadi mbili kwa mwezi, na hupata lundo la kadi za waya uliolala njiani na taa iliyoungua, zote zikiwa zimeandikwa siku ya mwisho ya mwezi. Idadi ya ripoti haitoshi kuwa kipimo. Tazama ni ngapi zimezaa mabadiliko yanayoshikika kwa mkono: vali iliyohamishwa, ngazi iliyobadilishwa, ratiba iliyosogezwa.

Mfano wa kiongozi anayetajwa sana ni Paul O'Neill, aliyeanza kuiongoza kampuni ya alumini ya Alcoa mwaka 1987 na kuutanguliza usalama mbele ya faida. Kiwango cha majeraha yanayompotezea mtu siku ya kazi kilishuka kutoka 1.86 kwa kila wafanyakazi 100 hadi takriban 0.2 alipokuwa akiondoka. Wengi hukumbuka namba hizo na kusahau utaratibu uliozizaa: mkuu wa kitengo alitakiwa kutoa taarifa ya jeraha ndani ya saa 24, pamoja na mpango wa kuzuia lisitokee tena. Taarifa ilipanda juu haraka, na pamoja nayo mapendekezo ya mafundi. Mwaka 1996 alimfukuza kazi mkuu mmoja mwenye rekodi nzuri ya uzalishaji, baada ya kubainika kwamba tukio la wafanyakazi wa kiwanda kimoja nchini Mexico kuathiriwa na gesi halikufikishwa makao makuu. Adhabu ilimwangukia aliyefunika habari, na ilimwangukia mtu wa ngazi ya juu. Linganisha na kampuni inayomkata posho fundi aliyeumia kwa sababu ameharibu rekodi ya kikosi.

Rekodi zenyewe zinastahili kutiliwa shaka zaidi kuliko tulivyozoea. Kipimo kinachotumika sana ni idadi ya majeraha mara saa 200,000, kugawanya kwa saa zote zilizofanywa kazi. Saa 200,000 ni za wafanyakazi 100, saa 40 kwa wiki, wiki 50. Kampuni ya watu 200 hufanya saa 400,000 kwa mwaka, kwa hiyo majeraha 2 yanaipa kiwango cha 1.0 na majeraha 3 kinakuwa 1.5. Mtu mmoja akiteleza, usalama unaonekana umeporomoka kwa nusu. Tena kampuni ambayo kwa wastani huumiza watu 2 kwa mwaka itapata, kwa bahati tu, mwaka mmoja kati ya takriban 7 usio na majeruhi hata mmoja, bila kubadilisha chochote. Mwaka huo watapongezana, watagawana bonasi na kupandisha bango la siku zisizo na ajali. Mwaka unaofuata watatafuta mzembe. Bonasi ikifungwa kwenye namba hiyo, jeraha lenyewe hubadilishwa jina: mshono unakuwa huduma ya kwanza, na mtu aliyevunjika kidole anahudhuria kazini akikaa ofisini ili siku yake isihesabiwe kuwa imepotea.

Maafa makubwa yametokea chini ya rekodi nzuri za namna hiyo. Tarehe 20 Aprili 2010, siku ambayo mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka na kuua watu 11, wakuu wa kampuni walikuwa ndani yake, na miongoni mwa mambo ya ziara yao ilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila jeraha la kupoteza muda wa kazi. Katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha kampuni ya BP huko Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, mnara ulijazwa kupita kiasi wakati wa kuwashwa, mafuta yakamwagika kupitia bomba la kutolea, mvuke ukashika moto, na watu 15 wakafa na 180 kujeruhiwa. Kipima kiwango kilikuwa kinadanganya na kengele ya pili ya kiwango cha juu haikulia. Waendeshaji walikuwa wamefanya zamu za saa 12 kwa siku 29 au zaidi mfululizo. Katika kuwashwa kwingi huko nyuma kiwango kilikuwa kimepita kinachoruhusiwa, na matukio hayo hayakuchunguzwa. Jopo huru lililochunguza viwanda vya kampuni hiyo Marekani lilieleza mwaka 2007 kwamba uongozi uliyachukua mafanikio katika majeraha ya mtu mmoja mmoja kama ushahidi kwamba hata mitambo iko salama. Waliokufa wote 15 walikuwa watu wa wakandarasi, waliokuwa ndani au karibu na vibanda vya muda vilivyowekwa jirani na bomba lile. Kofia zao zisingebadilisha chochote. Uamuzi wa wapi vibanda viwekwe ungewaokoa.

Sasa niende kwenye kazi yenyewe, maana utamaduni usiposhuka hadi kwenye kufuli unabaki hotuba. Kuifunga nishati kabla ya matengenezo kuna mfuatano unaojulikana: orodhesha vyanzo vyote vya nishati vya mashine hiyo kwa mchoro wake, waarifu wanaoitumia, izime kwa utaratibu wa kawaida, tenganisha kila chanzo, kila fundi aweke kufuli lake lenye ufunguo mmoja anaokaa nao mwenyewe pamoja na kadi yenye jina lake, achia nishati iliyobaki, kisha jaribu kuiwasha mashine kuhakikisha imekufa kweli. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa huja wakati kila mtu ana hamu ya kuanza. Kwa umeme, kipima chenyewe kijaribiwe kwanza kwenye chanzo kinachojulikana kina umeme, kisha kwenye waya unaotaka kuugusa, kisha kirudishwe kwenye chanzo kile cha kwanza. La sivyo betri iliyokwisha itakuambia waya hauna umeme. Mahali pa watu wengi, funguo za vitenganishi hufungiwa kwenye sanduku moja na kila mtu anaweka kufuli lake juu ya sanduku hilo. Zamu zikibadilika, anayeingia afunge kufuli lake kabla anayetoka hajaondoa lake. Ukitaka kujua utamaduni wa kampuni, nenda stoo uulize fundi mpya anapata kufuli lake ndani ya muda gani. Kisha ulizia kipuri cha ufunguo kinakaa kwa nani. Kama fomeni anao, mfumo wote ni pambo.

Kibali cha kazi, yaani idhini ya maandishi ya kuanza kazi hatari, nacho huoza kwa namna inayotabirika. Mwanzoni mtoaji kibali huenda eneo la kazi, hupima hewa, hugusa vali. Baada ya miezi kadhaa vibali vimekuwa 40 kwa siku na mtoaji ni mmoja, kwa hiyo husaini akiwa mezani, na mafundi hunakili tathmini ya hatari ya wiki iliyopita wakibadilisha tarehe. Kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha, tarehe 6 Julai 1988, vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa ukaguzi na bomba kuzibwa kwa flanji, yaani kifuniko cha chuma, isiyokazwa kiasi cha kuzuia mvujo. Pampu nyingine ilipokwama usiku, wafanyakazi wa zamu walijua kuhusu kibali cha matengenezo ya pampu ile, lakini hawakujua kuhusu kile cha vali. Wakaiwasha. Watu 167 walikufa. Uchunguzi wa Lord Cullen ulionyesha kwamba taratibu za vibali zilikuwa zimelegea kwa muda mrefu, na ukaguzi wa mara kwa mara ulikuwa ukipita bila kuligundua hilo. Mkaguzi akikagua makaratasi atapata makaratasi. Ukaguzi wenye faida ni wa kuchukua vibali vitano vya leo na kwenda navyo hadi kwenye mtambo: je, vali iliyoandikwa imefungwa ndiyo iliyofungwa? Je, vibali viwili vya mtambo mmoja vinajuana? Katika nafasi finyu, je, hewa ilipimwa juu, katikati na chini, oksijeni kwanza (isipungue asilimia 19.5 wala kuzidi 23.5), kisha gesi za kulipuka, kisha za sumu? Je, aliye mlangoni anajua kwamba haruhusiwi kuingia kuokoa bila vifaa? Wengi wamekufa ndani ya matangi kwa kumfuata mwenzao.

Haki ya kusimamisha kazi ndiyo jaribio lenye uchungu zaidi, kwa kuwa hugharimu saa za mtambo. Kila kampuni ina kadi inayosema mfanyakazi yeyote anaweza kusimamisha kazi isiyo salama. Usiku wa kabla ya kurushwa chombo cha anga za juu cha Challenger, Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walipendekeza kisirushwe kukiwa na baridi chini ya nyuzi 12 za Selsiasi, kwa hofu ya pete za mpira za kuzuia gesi kukakamaa. Katika mkutano ule mzigo wa ushahidi uligeuzwa: badala ya kuthibitisha kwamba ni salama kurusha, wahandisi walitakiwa kuthibitisha kwamba si salama. Uongozi wao ukabadilisha pendekezo, na watu saba wakafa asubuhi yake. Kugeuzwa huko hutokea kila wiki katika vikao vidogo vya miradi, mhandisi kijana anaposema boriti ya kuinulia haijakokotolewa naye akajibiwa, "Una uhakika itavunjika?" Swali sahihi ni nani ana hesabu inayoonyesha kwamba itabeba. Msimamizi anayeliuliza hivyo mbele ya watu, kisha akakubali kupoteza zamu nzima, amefanya zaidi ya mwaka mzima wa mabango. Na kama aliyesimamisha kazi amekosea, kwamba hatari haikuwepo, ashukuriwe vilevile, kwa sababu wenzake wanatazama atakavyotendewa.

Hili halimaanishi hakuna adhabu. Anayevunja kufuli la mwenzake au kughushi kipimo cha gesi anastahili kuwajibishwa, na mafundi wenyewe ndio wa kwanza kudai hivyo. Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason alieneza jaribio rahisi la haki: mweke mtu mwingine mwenye ujuzi uleule katika hali ileile, je, angeweza kufanya vivyo hivyo? Jibu likiwa ndiyo, kumwadhibu huyu mmoja hakumlindi yeyote. Kwa yule wa grinda jibu ni ndiyo karibu kila mara.

Wakandarasi wadogo ndio mahali ambapo maneno mazuri ya kampuni kubwa hufa. Kazi za juu, za kulehemu ndani ya matangi na za kuchimba mitaro hukabidhiwa kwao kwa bei ya chini kabisa, na jukwaa, vihimili vya udongo na muda wa kupima hewa ndivyo vitu vya kwanza kukatwa katika bei hiyo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 au zaidi, na mtaro wa kina cha mita 2 usio na vihimili ukiporomoka humfunika mtu kabla hajageuka. Zabuni inayoweka gharama za usalama katika mistari yake, kila kifaa na kiasi chake, bila kushindanishwa bei, huondoa kishawishi hicho. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya ya kazi miongoni mwa kanuni na haki za msingi kazini, na msingi wake ni kwamba haki hiyo ni ya kila anayefanya kazi, wa kandarasi na wa kudumu.

Kwa kampuni ambayo tayari imenunua kamera, bado yapo ya kufanya. Ifiche nyuso tangu kwenye kamera yenyewe, ifute picha baada ya muda uliokubaliwa na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi, na iandike katika mkataba kwamba picha hazitatumika katika nidhamu. Kisha isome takwimu kwa eneo, isizisome kwa mtu: ikiwa miwani huvuliwa kila siku kwenye benchi lilelile saa nane mchana, pengine jua linapiga kioo hapo, au joto linaifanya miwani iingie ukungu, na anayetakiwa kuitwa ni mhandisi wa hewa na mwanga. Ikiwa watu huvuka mstari wa njano sehemu moja tu, njia ya miguu imechorwa mahali ambapo hakuna anayehitaji kupita. Na katika ukurasa wa usalama unaokwenda kwa bodi kila mwezi, asilimia ya kofia iwe mstari wa mwisho. Juu yake ziwekwe ripoti za nusura ambazo hazijajibiwa na umri wa iliyo kongwe kuliko zote, vibali vilivyokaguliwa mtamboni na vingapi vilikutwa na kosa, vizuizi vya usalama vya mtambo vilivyopita tarehe ya kupimwa, na kazi zilizosimamishwa na wafanyakazi, pamoja na aliyekubali zisimame na kilichorekebishwa kabla hazijaendelea.